Uchambuzi: Ramani ya Dunia Bapa ya Gleason, Tukiipima kwa Dira

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo mezani nina vitu viwili. Hiki kikubwa ni ramani ya ukutani ya Gleason, ile inayopendwa sana na wanaoamini kuwa dunia ni bapa. Hiki kidogo ni dira ya sindano, ya kawaida kabisa. Nataka tuone kitu kimoja: kama dunia kweli iko hivi ilivyochorwa hapa, kaskazini, kusini, mashariki na magharibi zitakaaje? Na je, dira itakubaliana nazo?

Tuanze na ramani. Alexander Gleason wa Buffalo, New York, aliitoa mwaka 1892, na mwaka uliofuata akapata hataza ya Marekani, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, namba 497,917. Hii niliyonayo ni nakala mpya. Imechapwa vizuri, maandishi madogo ya visiwa yanasomeka, rangi zimetulia. Kama pambo la ukutani sina neno baya la kuisema. Gleason aliamini kwa dhati kwamba hivi ndivyo dunia ilivyo. Lakini ndani ya hataza hiyo hiyo anaeleza kuwa mchoro huu umetoka kwenye tufe, kwa kuzinyoosha zile meridiani, mistari inayotoka ncha moja hadi nyingine. Yaani mwenye bidhaa mwenyewe ameandika ilikotoka. Na ni mchoro unaoheshimika: nembo ya Umoja wa Mataifa imechorwa kwa namna hii hii, ila wao wameishia nyuzi 60 kusini.

Sogeeni karibu na kamera. Ncha ya Kaskazini ipo hapa katikati, na dunia yote imelala kama sinia. Kwa hiyo kaskazini ni kuelekea katikati, popote ulipo. Kusini ni kwenda nje, kuelekea ukingoni. Mtu wa Dar es Salaam na mtu wa Buenos Aires wakienda kusini, kila hatua wanazidi kuachana. Hapa hakuna Ncha ya Kusini. Kuna ukingo tu, umezunguka pote.

Mashariki na magharibi ndipo penye kazi. Hizo si mistari iliyonyooka tena, ni miduara inayoizunguka ncha. Ukitaka kwenda mashariki bila kukosea, lazima ukunje kushoto kidogo kidogo, safari nzima, hata ukiwa juu ya ikweta. Ukinyoosha tu mbele, dunia hii inakutupa nje, kusini. Kwenye tufe, ikweta unaifuata bila kukunja popote.

Sasa tupime. Hapa Nanyuki, Kenya, ikweta inapita. Tarehe 20 au 21 Machi, na tena 22 au 23 Septemba, jua linakuwa juu ya ikweta. Linapochomoza Nanyuki, mahali ambapo jua liko utosini ni nyuzi 90 mashariki yake, karibu na kisiwa cha Halmahera kule Indonesia. Naweka rula kutoka Nanyuki hadi Halmahera, ndiyo njia ya macho kulielekea jua. Mnaona rula inapita wapi? Inapita juu ya India ya kaskazini! Kwa ramani hii, mtu wa Nanyuki siku hiyo anapaswa kuliona jua likichomoza kaskazini mashariki kabisa, nyuzi 45 kwenye dira ukihesabu kutoka kaskazini. Jioni lizame kaskazini magharibi.

Kila aliyewahi kuamka mapema siku hizo anajua jua linatokea wapi. Linatokea mashariki yenyewe, nyuzi 90. Tofauti ni nyuzi 45, nusu ya robo mduara, na hiyo huwezi kuisingizia dira mbovu. Sindano inafuata kaskazini ya sumaku, sawa, lakini kwa Kenya na Tanzania inaachana na kaskazini ya kweli kwa nyuzi chache tu.

Mtu ataniambia, labda ni mambo ya ikweta. Haya, twende Dar es Salaam mwezi wa Desemba. Jua linachomoza kusini ya mashariki, kwenye dira kama nyuzi 113, na adhuhuri kivuli chako kinalala upande wa kaskazini. Nyumba yenye dirisha la kusini inaingiwa na jua mwezi huo. Rudini kwenye ramani: rula bado inaelekea kaskazini mashariki. Ukiwa Dar, hakuna siku hata moja ya mwaka ambayo ramani hii inakuruhusu kuona jua likichomoza kusini ya mashariki.

Pima pia umbali, maana dira bila umbali haikufikishi. Dar es Salaam hadi Kigoma, kwenye tufe, mstari ulionyooka ni takriban kilomita 1,080. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina kilomita kama 1,250 kwa sababu inapinda. Nimepiga hesabu kwa kipimo cha ramani hii, kile kile kinachotoa kilomita 10,000 kutoka nchani hadi ikweta, na mstari ulionyooka Dar hadi Kigoma unatoka kilomita 1,800. Reli yenye kona zote zile, kupitia Morogoro, Dodoma na Tabora, iwe fupi kuliko mstari wa rula? Haiwezekani. Wale waliotandika mataruma walipima ardhi hatua kwa hatua. Na ukizidi kwenda kusini, hali inazidi kuwa mbaya. Itazameni Australia ilivyovutwa: Perth hadi Sydney ni kama kilomita 3,300, hapa zinatoka zaidi ya 8,000.

Dira nayo ina lake la kusema, na ukinunua dira naomba uliangalie hili. Sindano hailali sawa kila mahali. Ulaya upande wa kaskazini wa sindano unavutwa chini, na huku Tanzania ni upande wa kusini unaovutwa chini. Ndiyo maana watengenezaji husawazisha sindano kwa kanda. Kampuni ya Suunto, kwa mfano, ina dira za kizio cha kaskazini, za kizio cha kusini, na nyingine za dunia nzima. Ukitumiwa dira ya kaskazini kama zawadi, huku inaweza kuburuta sindano ikagusa kioo, ikakupa jibu la uongo. Uliza kabla ya kulipa. Na sindano inavutwa chini upande wa kusini kwa sababu kuna ncha ya pili ya sumaku, sehemu moja inayofikika. Wapelelezi Edgeworth David, Mawson na Mackay waliifikia Januari 1909. Kwenye ramani hii njia za kusini zinazidi kuachana hadi ukingoni, hazikutani sehemu moja kama hiyo.

Hukumu yangu. Ukitaka kujua umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi mji wowote, au kulinganisha saa za nchi mbili kwa mkono huu wa ramani unaozunguka, nyuzi 15 kwa saa moja, ramani hii inafanya kazi vizuri na ningeinunulia darasa. Kwa kutafuta upande, au kupima safari yoyote ya mashariki na magharibi kwetu huku, usiitumie. Na muuzaji akikwambia ndiyo sura halisi ya dunia, mwombe asubiri hadi Septemba, mtoke nje alfajiri na dira mkononi.