Mashine iliyofurahia msiba wangu

Kwa muda mrefu nimekuwa mtetezi wa huduma ya simu ya shirika moja la ndege, ambako mteja huzungumza Kiingereza cha kawaida na mashine ikamjibu kwa sauti, na zaidi ya mara moja ilinibadilishia kiti usiku wa manane bila usumbufu wowote. Miezi michache iliyopita, nikiwa Minneapolis, Marekani, nilipata habari kwamba mama yangu mkubwa, aliyenilea tangu utotoni, amefariki huko Machakos. Nilipiga simu nikasema, kwa Kiingereza kile tunachokizungumza nyumbani, kwamba mama amepumzika, na kwamba naomba tarehe ya safari yangu ibadilishwe ili niondoke kesho yake. Mashine ilijibu kwa sauti changamfu kwamba imefurahi kusikia mama anapata mapumziko, kisha ikaniuliza kama ningependa kumkatia naye tiketi.

Nilikata simu nikalia.

Kinachoniuma ni kwamba sikusema fumbo. Wakenya wengi hutangaza msiba kwa neno hilohilo, lakini mashine hizi hujifunza kutokana na maandishi na sauti za watu, na wale ambao usemi wao umo kwa uchache huhesabiwa kana kwamba ndio wanaokosea. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipima mifumo mitano ya kutambua usemi, ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft, wakakuta kwamba kwa wastani ilikosea maneno 35 katika kila 100 ya Wamarekani weusi, na 19 ya Wamarekani weupe. Mimi maneno yangu yalisikika yote. Maana ndiyo iliyopotea. Hata ELIZA, programu ya kompyuta ya kuzungumza na watu kwa maandishi, iliyotungwa na Joseph Weizenbaum mwaka 1966, ambayo haikuelewa chochote, ilipotajiwa mama ilimwomba mtu aeleze zaidi kuhusu familia yake.

Sitaki kuidhulumu huduma hii ya ndege. Nilipopiga tena na kujilazimisha kusema kwamba mama amekufa, neno ambalo kwetu mtu halitamki hivihivi juu ya mzazi wake, ilinipa pole, na tiketi ikabadilishwa kabla ya dakika tano kwisha, kasi ambayo sijawahi kuipata kwa mhudumu yeyote. Kwa sababu hiyo nilikusudia kuipa nyota tatu. Lakini kila nikikumbuka jinsi ilivyoniaga nashindwa, kwa maana baada ya pole zile zote ilinitakia likizo njema. Naipa nyota moja.