Starliner ya Boeing: safari ya kwanza na watu, we ungepanda?

Oya wadau, karibuni tena, leo tunachambua kitu ambacho wala hakiuzwi dukani, chombo cha anga cha Starliner cha Boeing, na zile video zao za matangazo tuziweke pembeni, tunaangalia ile safari ya majaribio ya Juni 2024 iliyobeba watu kwa mara ya kwanza.

Tuanze na bei maana ndo inauma. 2014 NASA, shirika la anga la Marekani, waligawa tenda kwa kampuni mbili, Boeing wakapewa dola bilioni 4.2, SpaceX bilioni 2.6, na kazi ni ileile, peleka wanaanga kwenye kituo cha anga cha kimataifa kisha warudishe. SpaceX wakarusha watu Mei 2020. Boeing jaribio lao la kwanza, Desemba 2019, bila mtu ndani, saa ya chombo ilikuwa imekosea kwa masaa 11 hivi, kikachoma mafuta hovyo na kituoni hakikufika. Mei 2022 wakarudia, kikafika.

Haya, Juni 5, 2024, roketi ya Atlas V inaruka kutoka Cape Canaveral na wanaanga wa NASA, Butch Wilmore na Suni Williams. Kwa ndani mi nakipenda kiukweli. Dragon, chombo cha SpaceX, kila kitu skrini za kugusa, hapa una swichi na vitufe unavibonyeza hasa, una kijiti cha kuongozea, na Wilmore alikishika akakiendesha mwenyewe. Halafu kinatua nchi kavu, parachuti 3 juu na mifuko ya hewa chini, hakuna mambo ya kuopolewa baharini. Hapo maksi zote nawapa.

Sasa njoo huku nyuma. Nyuma ya kapsuli, yaani ile sehemu wanayokaa watu, kuna moduli yenye injini ndogo 28 za kukigeuza chombo huku na huku, na kesho yake kikiwa kinasogelea kituo, 5 zikagoma, moja baada ya nyingine! Elewa kwamba ukiwa pale hizo ndo usukani na breki zako. Wakaziwasha upya, 4 zikaitika, wakatia nanga. Na heliamu, ile gesi inayosukuma mafuta kwenda kwenye injini, nayo inavuja, na sehemu moja walijua inavuja kabla ya kuruka, wakaona ni kidogo wakaenda nayo hivyohivyo, kufika juu zikaonekana nyingine.

Chanzo? Joto. Injini zimerundikwa ndani ya viboksi vilivyofungwa, ukizifyatua mfululizo joto halina pa kutokea, inakuwa kama sufuria lililofunikwa. Walivyojaribu injini ya aina hiyohiyo kule White Sands, New Mexico, wakakuta kakipande ka tefloni, plastiki ile ya vikaango visivyogandisha, ndani ya vali kamevimba kanabana njia ya mafuta. Kakipande tu jamani! Na kinachoniudhi zaidi, ile moduli huwa inaachwa iungue angani kapsuli ikirudi, kwa hiyo ushahidi wenyewe hauupati mkononi, ndo maana walikaa kituoni wiki na wiki wanaipima hukohuko.

Agosti 24 NASA wakasema kirudi kitupu. Septemba 7 kikatua White Sands vizuri kabisa, na kuna watu wanasema si mnaona, wangeweza tu kupanda. Hiyo hoja siinunui, siku ya uamuzi hakukuwa na mtu wa kuwahakikishia injini zitafanyaje wakati wa kushuka.

Safari ya siku 8 hivi ikawa 286, Wilmore na Williams wakarudi Machi 18, 2025 na Dragon, na wanaanga wawili waliokuwa wapande Dragon hiyo ilibidi waachwe chini ili viti vipatikane. Kitu kingine ambacho wengi hawakukiona, suti za Starliner haziingiliani na Dragon, kila kampuni na suti zake na viunganishi vyake, kwa hiyo hata wakitaka kuhamia chombo cha mwenzao lazima suti nyingine iletwe. Hapo aliyepanga alikuwa anawaza nini sijui.

Kwangu mimi kapsuli 8 kwa 10, moduli ya nyuma 3, na hiyo 3 nimewaonea huruma. NASA wenyewe Novemba 2025 walitangaza kwamba safari inayofuata itabeba mizigo tu, na safari za mkataba zikapunguzwa kutoka 6 hadi 4. Mizigo sawa, hata yangu ningewapa. Mimi mwenyewe kupanda, bado.