MPB na Meep kwa fotoniki ya topolojia: imara kwenye mikanda, bubu kwenye namba ya Chern

Haldane na Raghu walionyesha mwaka 2008 kwamba mwanga unaweza kupita pembezoni mwa fuwele ya fotoni (mpangilio wa nguzo au mashimo unaojirudia) ukielekea upande mmoja tu; hiyo ndiyo fotoniki ya topolojia. Anayetaka kubuni kifaa cha namna hiyo leo hukutana mapema na jozi hii ya programu huria kutoka MIT: MPB, inayokokotoa mikanda ya frikwensi (frikwensi ambazo mwanga unaweza kupita nazo ndani ya fuwele), na Meep, inayofuata wimbi hatua kwa hatua katika muda. Hapa zinapimwa kwa kazi hiyo tu. Kwenye mikanda hazina mpinzani wa bure anayezikaribia. Kwenye topolojia yenyewe, yaani namba ya Chern (namba kamili ya mkanda inayohusiana na njia hizo za upande mmoja), kazi unaachiwa wewe.

Kusakinisha ni amri moja, conda create -n mp -c conda-forge pymeep, na zote mbili zinaingia. Mwenye Windows apitie WSL (Linux ndani ya Windows).

Jaribio zuri la kuanzia ni muundo wa Wu na Hu wa 2015, kwa kuwa hauhitaji sumaku. Nguzo sita za silikoni, pemitiviti (jinsi kitu kinavyoitikia uga wa umeme) 11.7, huzunguka kitovu cha seli ya pande sita; a ni hatua ya latisi, R ni umbali wa nguzo kutoka kitovuni. Ukiweka a/R kuwa 3 kamili, nguzo zinajipanga kama sega la nyuki na mikanda minne, wa 2 hadi wa 5, inakutana kwenye Γ (nukta ambapo vekta ya wimbi, k, ni sifuri). Zivute ndani (3.125) upate fuwele ya kawaida. Zisukume nje (2.9) na mwanya (safu ya frikwensi isiyo na mkanda) unafunguka tena kati ya mkanda wa 3 na wa 4, ila mikanda imebadilishana sura: ya aina ya d imeshuka chini ya ya aina ya p (sura za uga zinazofanana na obiti za d na p za atomu). Anza na 3 kamili. Mikanda isipogusana hapo, usiilaumu nadharia; gridi yako imevunja ulinganifu.

Programu haijui mita: a ni 1, frikwensi husomwa kama a/λ. Mwanya ukiwa 0.47 na unataka nm 1550, a inakuwa kama nm 730. Hapo ndipo hesabu inapouma, maana R ni nm 234 upande wa kawaida na nm 252 upande wa topolojia. Tofauti yote ni nm 18, wakati kwa resolution (idadi ya pikseli kwa kila a) ya 32 pikseli moja ni nm 23! MPB hulainisha kingo za nguzo ndani ya pikseli, na bila hilo ingekuwa kamari. Hata hivyo panda hadi 64, kisha 128, mpaka mwanya utulie. Na atakayechonga kifaa ajue kwamba hitilafu ya nm 10 inaweza kumrudisha kwenye 3 kamili.

Kwa hali za mpakani (mawimbi yanayosafiri kwenye mpaka wa fuwele hizo mbili), panga ukanda wa seli 10 za aina moja na 10 za nyingine. Watu wengi hukwama kwenye num_bands, idadi ya mikanda unayoomba. Kila seli huleta mikanda 3 chini ya mwanya, hivyo 60 hupita kabla hujaufikia; omba 70. Ukiomba 40 utapata mchoro safi kabisa usio na hali hata moja ya mpakani, na utadhani muundo ndio ulioshindwa. Kumbuka pia kwamba ukanda hujirudia, kwa hiyo mipaka ni miwili: tazama nishati imekusanyika wapi ndipo ujue mstari upi ni wa mpaka upi. Mwanya mdogo kati ya mistari hiyo kwenye Γ si kosa. Mpaka wenyewe huvunja ulinganifu wa pande sita, na ulinzi wa muundo huu haukuwahi kuwa kamili.

Namba ya Chern haimo. Unaiandikia msimbo kwa njia ya Fukui, Hatsugai na Suzuki ya 2005, inayojumlisha fazi za mazao ya hali jirani kwenye gridi ya k. Fazi za nasibu ambazo MPB huzipa hali hujifuta zenyewe. Fazi ya Bloch, yaani exp(ik·r), haijifuti, kwa hiyo get_efield ipewe bloch_phase=False, na zao la hali mbili jirani lizidishwe kwa pemitiviti. Kwenye ukingo wa eneo la Brillouin (eneo la k zote zisizojirudia), hali ya k+G, G ikiwa vekta ya latisi kinyume, ni ya k ikizidishwa kwa exp(-iG·r). Ukiisahau, jumla haitatoka namba kamili.

Muundo wa Wu na Hu utakupa 0 daima, hivyo jaribu msimbo kwa fuwele ya sumaku ya kundi la MIT ya 2008: nguzo za YIG (garneti ya itriamu na chuma), nusu kipenyo 0.11a, pemitiviti 15, μ (jinsi kitu kinavyoitikia uga wa sumaku) 14 na κ (sehemu yake ya nje ya ulalo, inayoletwa na sumaku) 12.4. Mkanda wa 2 wa TM (uga wa umeme ukiwa sambamba na nguzo) utoe 1 au -1, kulingana na mwelekeo wa sumaku. MPB iwe imejengwa kwa --with-hermitian-eps, chaguo linaloruhusu namba changamano humo. Haikubali upotevu wala μ inayobadilika na frikwensi, kwa hiyo namba hizo zinafaa karibu na frikwensi moja tu.

Meep inaikubali μ hiyo kupitia GyrotropicSaturatedSusceptibility, lakini ulainishaji wa kingo haugusi sehemu hiyo ya kitu, hivyo ongeza resolution. Usitumie ulinganifu wa kioo kuokoa muda, kwa sababu kioo hugeuza sumaku. Na PML (tabaka la kunyonya mawimbi ukingoni mwa eneo la hesabu) iliyopenya ndani ya fuwele hurudisha wimbi. Weka Absorber (tabaka linalonyonya polepole) yenye unene wa seli kadhaa, la sivyo utapima mwangwi ukidhani ni kasoro ya kona ya mpaka.

Ukihamia bamba halisi la silikoni, hali za Wu na Hu zilizo karibu na Γ humwaga mwanga juu na chini, na MPB haitakuonya. Chora mwenyewe mstari wa mwanga, ambao juu yake mwanga huvuja nje ya bamba. Miundo ya aina ya bonde (valley), iliyofikishwa kwenye chipu za silikoni mwaka 2019, hufanya kazi karibu na K (kona ya eneo la Brillouin), chini ya mstari huo.