Mti halisi wa Krismasi: anza kuuangalia kitako

Mwaka jana mti wetu ulibaki kipara siku tatu kabla ya Krismasi. Kila mlango ukibamizwa, nasikia sindano zinadondoka kwenye karatasi za zawadi, cha, cha, cha, kama manyunyu juu ya gazeti. Mume wangu aliacha kufagia. Alisema atasubiri umalize kwanza, afagie mara moja.

Kinachoniudhi ni kwamba ule mti ulikuwa mzuri. Nilizunguka kwa muuzaji karibu saa nzima nikiupima kwa macho, nikaupata uliojaa pande zote, wa kijani kibichi, kilele kimesimama. Wakati wa kulipa nikamwambia yule kijana kwamba tundu la stendi yangu, ile inayoshika shina na kubeba bakuli la maji, ni dogo. "Usijali mama," akasema, akachukua panga, akakichonga kitako pande zote kama anachonga penseli. Magome yakaruka huku na huku. Nikamshukuru, nikamwachia na chenji.

Ile chenji inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo mwongozo huu hautakuambia upime dari yako, wala ukague kama mti una pengo upande mmoja. Hayo unayajua, na pengo utaligeuzia ukutani kama sisi wote. Ninalotaka utoke nalo hapa ni kitako. Mti uliokatwa hauna mizizi tena, kila tone la maji linaingilia pale chini ulipopita msumeno. Na maji hayapandi katikati ya shina. Yanapanda kwenye tabaka la nje, ile mbao nyeupenyeupe iliyo chini tu ya gome. Anayekuchongea shina ili liingie kwenye stendi anaondoa hasa sehemu inayokunywa na kukuachia kiini, ambacho kazi yake ni kusimama tu. Unaweza kukizamisha kwenye pipa la maji na mti ukakauka vilevile.

Basi ukifika kwa muuzaji, kabla hujasogea nyuma kuangalia umbo, mwambie aulaze mti chini. Watakushangaa, waache washangae. Angalia sehemu tupu ya shina kuanzia chini hadi matawi ya kwanza. Inatakiwa iwe kama sentimita 15 hadi 20, kwa sababu utakata kipande ukifika nyumbani na bado stendi inahitaji pa kushika. Miti mingi ya bei ya kutupwa ina matawi mpaka chini kabisa. Inapendeza ikiegemezwa kwenye uzio, lakini nyumbani utalazimika kukata matawi ya chini, na ule mduara mzuri uliolipia unaishia jalalani. Kisha angalia kama shina limenyooka. Shina lililopinda chini litakufanya ulale sakafuni kwa tumbo nusu saa ukikaza skrubu huku mtu anapiga kelele "kushoto, kushoto, hapana, kushoto kwako!" Halafu pima unene. Mimi sasa natembea na kipande cha uzi chenye fundo penye kipimo cha tundu la stendi yangu. Nauzungusha kwenye shina, na mti usiotosha naurudisha hata uwe mzuri kama nini.

Ubichi nao ni wa kujaribu, si wa kuambiwa. Rangi peke yake haitoshi, kwani kuna wakulima wanaopulizia miti rangi ya kijani, hasa paini. Shika tawi karibu na shina, lipitishe mkononi kuelekea nje. Sindano mbili tatu zikibaki kiganjani si neno, zikibaki za kijani nyingi, ondoka. Zile za kahawia zinazotoka ndani karibu na shina ni za zamani, mti huzimwaga zenyewe, zisikutishe. Halafu unyanyue: mti mbichi ni mzito kwa maji yake, mkavu unakuja mkononi kama fagio.

Sasa aina. Nazipanga kwa jinsi zinavyovumilia sebule, si kwa uzuri wa picha.

Wa kwanza ni Nordmann, na sina aibu kusema nina upendeleo. Ni msonobari (*Abies nordmanniana*) wa milima ya Kaukazi, na mbegu nyingi zinazopandwa na wakulima wa Ulaya hutoka Georgia, hasa wilaya ya Ambrolauri, ambako watu hukwea miti mirefu kwenda kuchuma koni zake juu kileleni. Sindano zake ni pana, laini, nyeupenyeupe kwa chini, na hata mti ukianza kukauka hazikimbilii kudondoka. Watoto wanaweza kuukumbatia. Kasoro zake ni mbili. Harufu karibu hakuna, na matawi ya chini yanapanuka sana, kwa hiyo kwenye chumba chembamba utakuwa unapita kwa ubavu mwezi mzima. Nimekubali kupita kwa ubavu.

Wa pili ni Fraser (*Abies fraseri*), wa milima ya Appalachia kusini-mashariki mwa Marekani. Kama ungeuzwa kila mahali, labda ungeshika nafasi ya kwanza: hushika sindano vizuri sana, matawi yake ni magumu ya kubeba mapambo mazito, umbo ni jembamba kuliko la Nordmann, na unanukia. Tatizo ni kuupata. Na ukiupata, muuzaji anajua kwamba umeupata.

Wa tatu, paini ya Scots. Wengi wanaipuuza kwa sababu inaonekana kama imetimka nywele. Lakini hata ikikauka huwa inang'ang'ania sindano zake, na hilo ni jema kwa sakafu na baya kwa usalama, maana mti uliokufa utaendelea kuonekana mzima. Hii uiangalie maji kwa makini zaidi.

Wa nne, sprusi ya buluu. Rangi yake ya fedha haina mpinzani. Sindano zake ni misumari. Kuna wanaoichagua kwa makusudi ili paka asipande, nami nawaelewa.

Wa mwisho, sprusi ya Norway, ndio wa bei nafuu kuliko yote na ndio unaopukutika upesi kuliko yote. Utaambiwa kwamba mti ambao jiji la Oslo huupeleka London kila mwaka tangu 1947, ule wa Trafalgar Square, ni sprusi ya Norway. Ni kweli. Ila ule unasimama nje kwenye baridi na unyevu, si sebuleni kwako kando ya hita. Kama bajeti inakulazimisha, ununue wiki moja kabla ya Krismasi, usiuwahishe.

Na kwa kuwa wauzaji wengine huita kila kitu "Nordmann", chuma sindano moja uiviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Ya sprusi ina pembe nne, inaviringika. Ya msonobari kama Nordmann ni bapa, haikubali kuviringika. Nilimfanyia muuzaji mmoja jaribio hili mbele ya wateja wengine watatu, akanyamaza ghafla, na bei ikashuka bila mimi kuomba.

Maana hawa jamani! Mti unauzwa kwa urefu, na urefu unapimwa mpaka ncha ya kile kijiti kimoja kinachochomoza juu peke yake, ambacho mara nyingi utakikata ili nyota ikae. Unalipia sentimita 30 za hewa. Ukiuliza ulikatwa lini, jibu ni "juzi", na hiyo juzi haibadiliki tangu mwanzo wa mwezi mpaka mwisho. Kuna waliowahi kuniandikia kwamba walilipia huduma ya kukatiwa kitako upya, wakakatiwa kwa mshazari. Kata ya mshazari, ya kabari, au tundu la kutobolewa katikati kwa keekee, havisaidii mti kunywa zaidi. Mshazari na kabari vinafanya tu mti ukatae kusimama, basi.

Ninaowahurumia zaidi ni wanaonunua mti wa kwenye chungu wakiamini wataupanda uani. Kuna mti uliokulia ndani ya chungu, na kuna mti uliong'olewa shambani wiki iliyopita, mizizi ikakatwakatwa, ukasukumwa kwenye ndoo na kumiminiwa udongo. Vyote viwili vinauzwa kwa jina moja. Wa kwanza unaweza kuishi ukiuweka ndani siku kama kumi tu kisha ukaurudisha nje. Wa pili umeshakufa, haujaambiwa tu. Shika shina karibu na udongo ulitikise taratibu: kama linacheza huku na huku kama jino la mtoto, mizizi haipo. Mimi nililia na mmoja hivyo mpaka mwezi wa tatu, nikimwagilia kuni.

Turudi kwenye kitako. Nyumbani, kabla ya kuuingiza, kata kisahani cha sentimita mbili au tatu kutoka chini, ukikatiza shina sawasawa, si mshazari. Utomvu huwa umeshaziba ile kata ya zamani. Baada ya hapo una saa sita hadi nane za kuuweka kwenye maji, kwa hiyo usikate asubuhi halafu ukaenda kutafuta taa. Kama bado siku ya kuupamba, usimamishe kwenye ndoo ya maji mahali penye kivuli.

Stendi ndiyo inayoamua mengine yote, na watu huinunua mwisho kwa pesa iliyobaki. Ninayoipenda ni Krinner ya Ujerumani. Ina waya mmoja unaozunguka kucha kadhaa za chuma. Unausimamisha mti katikati, unakanyaga pedali, kucha zinabana zote pamoja hata kama shina si la mviringo kamili. Hakuna kuchonga, hakuna kulala kwa tumbo. Ina na kipimo cha kuonyesha maji yamefika wapi. Si ya bei rahisi, na modeli ndogo hazibebi maji mengi, kwa hiyo chukua saizi moja zaidi ya unayofikiri inatosha. Zile za skrubu tatu zinafanya kazi kama bakuli ni kubwa. Msalaba wa mbao uliopigiliwa misumari hauna maji hata kidogo. Kama muuzaji anakupa bure, mwachie.

Ukubwa wa bakuli una hesabu yake: mti hunywa kama lita moja kwa siku kwa kila sentimita 2.5 za upana wa shina. Shina la sentimita 10 ni lita nne, hasa siku za mwanzo, kisha hupungua. Bakuli la lita moja na nusu maana yake maji yanashuka chini ya kata usiku umelala, utomvu unaziba tena, na kuanzia hapo ukimimina maji hayapandi. Dawa ni kukata upya, na nani atakata upya mti wenye taa na mapambo?

Maji yenyewe ni ya bomba. Sukari, aspirini, soda, jiki, vyote wacha. Gary Chastagner wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, ambaye kuchunguza kupukutika kwa miti hii ndiyo kazi aliyoifanya miaka mingi, naye ushauri wake ni maji matupu. Uweke mbali na hita, dirisha la jua kali na upepo wa kiyoyozi. Taa ziwe za LED, hazina joto kubwa, na zizimwe ukienda kulala. Mishumaa usiifikirie. Mti mkavu ukishika moto, chumba kizima kinaweza kuwaka ndani ya kama dakika moja tu, kwa hiyo siku ukivunja kijitawi kikakatika kwa kishindo, toa nje hata kama sikukuu haijaisha.

Wa mwaka huu ni Nordmann, kitako sentimita tisa na nusu, gome lote lipo. Niliulaza mwenyewe, nikazungusha uzi wangu. Yule kijana alinikumbuka, akasogea na panga kunisaidia. Nikamwambia asante, leo hapana. Asubuhi ya kwanza bakuli lilikuwa karibu tupu. Nikajaza, na jioni nikajaza tena.