Rafting ya usiku Jinja: nunua mchana, usiku baki maji tulivu

Kwa msafiri wa Afrika Mashariki anayetegemea basi, mto Nile pale Jinja, Uganda, ni vigumu kuushinda kwa rafting, yaani kushuka maporomoko kwa boti ya mpira. Safari ya mchana tunaipa tisa kwa kumi. Ile ya usiku, ambayo makundi yaliyokutana hosteli hupenda kuiulizia, tunaipa nne, na hizo nne ni za kipande cha maji tulivu peke yake.

Sifa ya Nile ni wingi wa maji. Mto una kina, na maporomoko mengi huishia kwenye uwanja mpana wa maji yaliyotulia. Boti ikipinduka unazama sekunde chache, jaketi la kuelea linakuibua, kayaki ya uokoaji inakufuata. Ukali hupimwa kwa daraja la 1 hadi la 6. Abiria hupitishwa mpaka la 5. Poromoko la Itanda ni la 6, kwa hiyo boti hutolewa majini na kubebwa juu ya mawe hadi chini ya sehemu mbaya. Usiamini ramani ya zamani: bwawa la Bujagali (2012) lilifunika maporomoko ya juu, na la Isimba (2019) likameza sehemu ya yale ya chini. Yaliyobaki bado yanamtosha mtu siku nzima.

Sasa giza. Nahodha aliyekaa tezi huendesha kwa kusoma maji. Ulimi laini wenye umbo la V, ncha ikielekea mto uendako, ndiyo njia. V iliyogeuka, ncha ikitazama juu ya mto, ni jiwe. Shimo, yaani pale maji yanapoanguka na kujirudia, ukiwa juu yake huonekana kama mstari ulionyooka wenye matone yanayoruka nyuma yake. Usiku alama hizo zote hupotea, inabaki sauti. Sauti itakuambia poromoko lipo. Mlango wake uko wapi, haisemi. Tochi ya kichwani haisaidii, kwa sababu matone hurudisha mwanga machoni mwa mwenye tochi. Macho nayo huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na mwenzako mmoja akiwasha simu apige picha, mnaanza upya.

Uokoaji ndio unaoharibika zaidi. Kamba ya kurushia ina urefu wa mita 15 hadi 20 na hulengwa kwenye kichwa cha anayeelea. Kichwa kisipoonekana, inarushwa kwa kubahatisha. Ishara za mikono hazina kazi. Yale maji mapana yanayomsaidia mtu mchana, usiku huwatawanya watu wanane wasijue nani yuko upande gani. Na kubeba boti Itanda juu ya mawe yenye utelezi bila kuona unapokanyaga ni kutafuta kuvunjika kifundo. Atakayekuuzia daraja la 4 usiku, muage kwa heshima.

Kinachofaa kulipiwa ni kuelea kwa mbalamwezi kwenye maji ya daraja la 1, labda la 2. Chagua usiku wa mwezi mpevu au wa jana yake. Jinja jua huzama karibu saa moja na giza huingia upesi. Mwezi mpevu huchomoza wakati huohuo, lakini kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Ukienda siku tatu baadaye, utakaa gizani zaidi ya saa mbili ukiungoja. Machi hadi Mei mawingu yanaweza kuufunika kabisa.

Kabla ya kulipa, kagua. Jaketi likishafungwa mikanda, mwombe mwenzako alivute juu mabegani: likifika masikioni, limelegea au ni kubwa. Kila mtu awe na filimbi na kijiti cha mwanga, kifungwe nyuma ya bega, kwa kuwa cha kifuani humpofusha aliyekivaa. Nahodha awe na rangi yake tofauti. Uliza wavuvi wametega nyavu wapi, maana wavu hauonekani na mguu ukinasa ni balaa. Uliza pia kama kundi limeshapiga bia. Nile Special hutengenezwa hapohapo, na jioni za kambini zinajulikana. Aliyekunywa abaki ufukweni.

Kafi lina kishikio cha juu chenye umbo la T. Mkono mmoja usikiachie hata boti ikiruka. Kikiwa huru hupiga meno ya aliye jirani, na manahodha hukazia hilo kuliko kuzama. Ukitupwa majini, lala chali, miguu mbele, vidole juu. Usijaribu kusimama penye mkondo, mguu utabanwa na mawe.

Maji yenyewe ni ya uvuguvugu, ila Jinja iko juu ya mita 1,100, na upepo wa usiku ukimkuta mtu mwenye nguo mbichi humtetemesha. Beba sweta kavu kwenye mfuko usioingiza maji na viatu vyenye kamba. Ndala zitachukuliwa na poromoko la kwanza. Kichocho kipo majini, kwa hiyo panga kupima wiki sita hadi nane baada ya safari, hata kama hujisikii vibaya. Dawa yake ni prazikwanteli.