Kabla ya kununua nyumba viungani, hesabu njia za kutokea

Nikisimama kwenye dirisha la jikoni naiona shule ya wanangu. Naiona bendera, nauona mti wanaokaa chini yake wakati wa mapumziko, na upepo ukivuma kuja kwetu naisikia kengele na hata mwalimu wa zamu akiwapanga mistari. Ni mita 210, nimezipima kwenye ramani. Lakini siku za shule tunaamka gizani, kwa sababu kati ya sinki langu na bendera ile kuna ukuta, na ukuta hauna mlango. Inabidi utoke nyumbani, urudi nyuma hadi geti kuu, uingie barabara kubwa isiyo na njia ya waenda kwa miguu, uuzunguke mtaa mzima, ndipo utokee upande wa pili. Kilomita 2.7. Kwa hatua za mtoto wa miaka 7 hizo ni zaidi ya dakika 40, tena kando ya malori, kwa hiyo tunakwenda kwa gari. Yaani nimenunua nyumba karibu na shule ili niwe dereva wa shule.

Ndiyo maana mwongozo huu haukuambii habari za usalama, maji, ukubwa wa uwanja au ufaulu wa shule. Hayo hata dalali atakueleza kabla hujamwuliza. Mimi nina swali moja, na nitalirudia mpaka unichoke: kutoka mlangoni pa nyumba unayoitaka, mtu asiye na gari ana njia ngapi za kutokea?

Kipimo chake hakihitaji utaalamu. Chagua sehemu tatu ambazo watoto wako watakwenda kila wiki: shule, kituo cha basi au treni, na uwanja wa kuchezea. Pima umbali kwa rula kwenye ramani, kisha utembee kwa miguu na kupima tena. Gawanya ule wa miguu kwa ule wa rula. Mtaa ambao barabara zake zinakatana kama mistari ya daftari la hesabu haukuzidishii zaidi ya 1.4 hivi, hata shule ikiwa kona ya mbali kabisa. Hiyo ni jiometri tu, pande mbili za mraba dhidi ya mstari unaoukata kutoka kona hadi kona. Mimi ninavumilia hadi 1.6. Ikifika 2 ninageuza gari. Nyumba yangu ni karibu 13, na sikuipima kabla ya kusaini.

Sasa niipange mitaa kwa nafasi, na sifichi upande wangu.

Chaguo langu la kwanza, na sioni la kulikaribia, ni mtaa mkongwe wa viungani, ule uliojengwa kabla kila familia haijawa na gari. Mingi ya namna hiyo ilikua kando ya reli na njia za tramu mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Aliyeuza viwanja alijua mnunuzi atatembea kutoka kituoni akiwa na mizigo mkononi, basi akachora mitaa mifupi na vichochoro vya kukatizia. Hakuwa na huruma kuliko wajenzi wa leo. Viwanja vya mbali na kituo visingenunuliwa, basi. Leo ukiingia mtaa kama huo unaona watoto wanakwenda shule kwa makundi, kila mmoja kwa njia yake, wanakutana kona ya mwisho. Njia moja ikichimbwa kwa ajili ya bomba, wanapita ya pili. Nani anatangaza hilo kwenye bango?

Ndiyo, mabomba ni ya zamani, vyumba vidogo, na pa kuegesha gari utagombania na jirani. Mume wangu huwa ananikumbusha hayo yote kwa mpangilio huohuo. Ila lipo kosa moja la mitaa hii ambalo nalikubali kwa moyo mzito: njia zikiunganika, madereva wa mbali nao wanazigundua na kuzifanya za mkato. Donald Appleyard, mtafiti wa mipango miji, alichunguza mitaa mitatu ya San Francisco, Marekani, na matokeo yake yakaingia kwenye kitabu cha mwaka 1981. Mtaa uliopitwa na magari kama 2,000 kwa siku, wakazi wake walikuwa na marafiki mara tatu ya wale wa mtaa wa magari 16,000. Marafiki wa mtaani hapohapo, si wa mbali. Kwa hiyo kabla ya kununua kwenye mtaa mkongwe, kaa kibarazani saa za kwenda kazini na uhesabu magari yanayopita bila kusimama. Ukikuta nguzo za chuma zimesimikwa katikati ya barabara, mtu na baiskeli wanapenya lakini gari haliwezi, usijadiliane sana juu ya bei. Hapo penye nguzo ndipo ningehamia kesho.

Nafasi ya pili ni mtaa mpya uliofunga magari ukawaachia watu njia, na hapa lazima nisimulie kidogo, kwa sababu kuna wizi wa wazo ambao bado unaniudhi.

Mwaka 1929, New Jersey, Marekani, wasanifu Clarence Stein na Henry Wright walichora mtaa wa Radburn. Barabara zake nyingi ni zile zinazoishia pasipotoka, gari likiingia linageuza na kurudi. Lakini upande wa pili wa nyumba waliweka njia za miguu zinazoelekea bustani ya pamoja, na pale njia ilipokutana na barabara wakachimba ya kupita chini. Mtoto aliweza kufika shule bila kukanyaga lami ya magari. Mdororo mkuu wa uchumi ukaja, Radburn haikumalizika. Wajenzi waliofuata, mmoja baada ya mwingine, wakaichukua ile barabara isiyotoka, kwa kuwa inapendeza wanunuzi na inaokoa lami, na njia za miguu wakaziacha. Njia haina mlango wa kuuza, si ndiyo? Mtaa ninaokaa mimi ni mjukuu wa Radburn aliyenyimwa urithi.

Waliolielewa wazo lile wapo. Houten, karibu na Utrecht huko Uholanzi, ukitaka kwenda kwa gari kutoka sehemu moja ya mji hadi nyingine unatakiwa utoke nje kwenye barabara ya mzunguko, uzunguke, uingie tena. Baiskeli inakatiza katikati. Vauban, huko Freiburg, Ujerumani, palipokuwa kambi ya jeshi, nyumba nyingi hazina maegesho mlangoni. Magari yanalala kwenye majengo ya pembezoni. Humo anayezunguka ni gari, na mtoto ananyoosha. Kwetu ni kinyume.

Ukikuta mtaa mpya wenye njia za namna hiyo, tembea mwenyewe mpaka mwisho wa kila njia. Usiamini mchoro. Uliza taa zake nani anazilipia, na majani nani anayafyeka, maana njia ya miguu isiyo na mwenyewe hugeuka pori, kisha atatokea mtu wa kusema ni maficho ya wezi, na mwisho itafungwa kwa kura.

Wa tatu ni mtaa wa ukuta wenye mageti mawili. Ninauvumilia, lakini geti la pili ulitazame kwa macho ya polisi. Kwenye broshua linakuwepo daima. Wewe liendee, uitazame kufuli. Kama ina kutu ya kahawia hadi ndani ya tundu la ufunguo, na majani yameota chini ya bawa la geti yakafika magotini, hilo ni pambo. Mwulize mlinzi, usimwulize meneja, mara ya mwisho lilifunguliwa lini. Mimi nilipouliza, wakati nimeshahamia, mlinzi alicheka kwanza. Akasema tangu aajiriwe hajawahi kuuona ufunguo.

Halafu kuna mtaa wa geti moja, na wangu ni huo, maana la pili halifunguki. Huu siuweki kwenye nafasi yoyote. Utaambiwa ni utulivu. Tena nyumba zilizo mwisho kabisa wa barabara isiyotoka zinauzwa ghali zaidi, unalipa nyongeza ili uwe mbali zaidi na kila kitu. Foleni ya asubuhi getini ni karaha tu, hiyo nimeizoea. Ninachoogopa ni moto. Kiambatisho cha Kanuni ya Kimataifa ya Zimamoto, inayofuatwa sehemu nyingi za Marekani, kinataka njia mbili tofauti za kuingilia pale nyumba za familia zinapozidi 30. Sisi tuko zaidi ya hapo. Siku gari la taka lilipokwama likiwa limekaa mshazari pale getini, hakuna aliyeingia wala kutoka kwa saa mbili, na niliyafikiria hayo muda wote huo. Hata jimbo la Virginia, mwaka 2009, lilianza kukataa kupokea na kutunza barabara za mitaa mipya ambayo haijaunganishwa na majirani zake. Serikali ya jimbo zima imeshtuka, ila muuzaji wangu bado anaita hiyo faragha.

Viwanja vya bei ya chini kule mbali, ambako barabara ingali kwenye karatasi? Sina mengi. Hakikisha barabara hiyo imesajiliwa kuwa ya umma, siyo ahadi ya mwenye shamba, kisha ununue ukipenda.

Wauzaji ndio wanaonichosha kuliko kuta. Umbali wao wote ni wa rula. Dakika zao zote ni za saa nane ya usiku, barabara tupu, taa zote kijani. Niliyenunua kwake alinipeleka kuona nyumba Jumapili mchana, akanisimamisha palepale dirishani, akanyoosha kidole kwenye bendera na kusema, "Mama, shule hiyo hapo." Sikuwahi kumsikia akisema uongo. Aliniachia mimi mwenyewe nifikiri kwamba ninachokiona ninaweza kukifikia.

Wiki iliyopita tumeamua kuuza. Dalali mpya, kijana mpole, amekuja kupiga picha na kuandika tangazo. Nilimtembeza vyumbani, tukaishia jikoni, akasimama dirishani akatabasamu. Nikachungulia simu yake. Alikuwa ameshaandika: shule, dakika tatu kwa miguu. Nikamwambia afute. Akaniangalia kidogo, akaniuliza kwa adabu kabisa kama kweli nataka kuuza.