Plastiki haina mgongo wala tumbo

Nilitaka kuandika haya siku ile ile, mume wangu akaniambia ngoja kwanza hasira ipoe. Nimengoja. Haikupoa. Ilikuwa kabla mvua kubwa hazijaanza, na sasa mvua zinaelekea ukingoni, lakini kila asubuhi nikiingia kwenye nyumba yangu ya plastiki ya kupandia nyanya, tone la kwanza likinidondokea shingoni, sura ya fundi aliyenisimamishia inanijia kana kwamba ameondoka jana.

Mwenye kutafuta urefu, upana na unene wa plastiki aulize wauzaji, hayo hayakosekani. Mimi nazungumzia watu wanaokuja kukufungulia nyumba ya plastiki iliyokwisha kutumika, wakakusafirishia, wakakuoshea na kukusimamishia. Vitabu vinaiita kitalu nyumba. Hapa Goma wenye Kifaransa chao wanasema serre. Majirani zangu wanasema "ile nyumba ya shitingi ya mama", maana shitingi ndiyo plastiki tuliyoizoea katika mji huu.

Yangu ilitoka kwenye mradi. Goma mnaijua: mradi unakuja na magari meupe, unapanda nyanya, unapiga picha, unakwisha. Magari yanaondoka, vitu vinabaki kwa mlinzi. Bei ilikuwa nzuri, sibishi. Mabomba yake ya chuma yalikuwa mazima. Plastiki ilikuwa imeota ukijani mbavuni, kamba za nyanya za zamani zikining'inia ndani kama nywele za kichaa, na chini ya vijiti kulikuwa bado kuna udongo wa watu. Nguo za chaguwa, yaani mitumba, unafua mara moja unavaa. Chaguwa ya shamba inakuja na magonjwa ya mwenyewe wa kwanza. Ule mnyauko wa bakteria, unaolaza nyanya ikiwa bado mbichi na ya kijani, unaishi udongoni miaka, na unapanda chochote chenye udongo: kijiti, jembe, hata kiatu. Kwa hiyo niliwaambia tangu simu ya kwanza: kuosha, kuosha, kuosha. Tukapatana dola 200 kwa kazi yote. Nikatoa 150, 50 nikabaki nazo mpaka kazi iishe.

Nianze na mema nisije nikaambiwa nina roho mbaya.

Walifika vijana watatu na fundi wao, mabomba yamefungwa juu ya chukudu mbili, zile baiskeli zetu za mbao za kusukuma mizigo, wakiyashusha kwenye mteremko wetu kwa ustadi ambao ukiuona unasahau kuogopa. Kisha wakaona kiwanja. Kiwanja changu ni mawe ya volkano yetu, Nyiragongo, yaliyomwagika 2002. Udongo uliopo niliununua, ulikuja kwa lori, na hauzidi urefu wa goti. Chini yake ukipiga jembe linakurudia mkononi. Mafundi wawili niliowaita kabla walikuwa wameniambia hapa hapasimami kitu, kwa sababu miguu ya nyumba ya plastiki inataka kuzikwa. Kijana mmoja akajaribu mtaimbo, cheche zikaruka, akacheka.

Fundi hakucheka. Alizunguka kiwanja mara mbili, akapiga jiwe teke, akauliza, "Mama, ndoo za rangi ziko?" Tukatafuta ndoo tupu za lita ishirini mtaani mpaka zikatosha. Kila mguu ukasimamishwa ndani ya ndoo, ikajazwa zege, kisha ikapangiwa mawe pande zote mpaka ndoo yenyewe ikazama isionekane. Mawe ni bure, hapa kila mtu anayo ya kugawa. Halafu akasimama akiangalia ziwani, akaamua upande mwembamba ndio uelekee kule. Sikumwelewa. Nilikuwa nimesoma mambo mengi kuhusu jua, nyumba ielekezwe kusini, ielekezwe kaskazini. Hayo ni ya wazungu. Sisi tuko karibu sana na ikweta, jua linapita juu ya utosi. Anayeangusha nyumba ya plastiki Goma ni upepo unaotangulia mvua. Tangu wakati huo umepita upepo uliong'oa bati la jirani likalala barabarani, na yangu haikutikisika hata bomba moja.

Jioni ile ningempa nyota tano. Ningempa hata mbuzi.

Kesho yake wakaosha. Nilikuwa jikoni, nikasikia sauti ya burashi, sauti nzuri, nikafurahi. Nikatoka. Walikuwa wametandika plastiki yangu juu ya mawe. Juu ya mawe ya Nyiragongo! Yule ambaye hajawahi kuanguka Goma na kuchubuka goti asije akaniuliza mawe hayo yakoje. Ni misumeno. Na vijana wanapiga magoti juu yake, wanasugua kama wanafua mkeka. Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka na mwiko mkononi. Tukaihamishia kwenye majani ya jirani huyo huyo, tukainyanyua kuelekea jua na kuhesabu: matundu 23. Fundi akasema kuna tepu ya kuziba. Tepu anauza yeye. Nilinunua tepu kwa mtu aliyenitobolea plastiki. Haya, nikanyamaza. Matundu yanazibika.

Sasa sikilizeni lililonifanya niandike.

Mtoto wa kaka yangu amesoma agronomia. Alikuwa amenieleza kwa simu kwamba plastiki nyingi za aina hii zina upande wa ndani na upande wa nje. Upande wa ndani umetiwa dawa ya kuzuia matone. Usiku hewa ya ndani inapoa, unyevu wote wa udongo na majani unapanda na kushika plastiki. Penye dawa, maji hujilaza membamba kama mafuta kwenye kikaango, yakateleza mpaka pembeni. Pasipo dawa husimama kama shanga, shanga zikinenepa zinaanguka, na zinaangukia majani. Jani la nyanya likilala limelowa, mildiu, ule ukungu unaoua nyanya, haiiti hodi. "Shangazi," aliniambia, "tafuta maandishi kwenye ukingo, mara nyingi yanasema upande upi uangalie ndani." Nikatafuta. Kwenye ukingo kulikuwa na kivuli cha herufi, zimefutika kwa uzee na kusuguliwa.

Wakati wanaivuta juu, wingu limeshatanda, nikamwuliza fundi kwa adabu zote: baba, upande wa ndani ni upi?

Hakugeuka. Akasema, "Mama, plastiki ni plastiki. Haina mugongo wala tumbo."

Vijana wakacheka. Nikarudia, nikaeleza habari ya dawa na matone. Ndipo akageuka, akanitazama mimi na kitenge changu na ndala zangu, akauliza, "Muzee iko wapi? Niseme naye."

Muzee alikuwa kwenye kiti chake na redio. Akasema bila kuinua kichwa kwamba yeye hata nyanya zinapandwaje hajui, nyumba ni ya mke wake, pesa ni za mke wake, waongee na mwenyewe. Nampenda mtu huyu. Lakini fundi alikuwa amekwisha kufunga kibanio cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kulikuwa na nafasi ya dakika kumi ambapo plastiki ile ingeweza kugeuzwa. Zikapita, na mvua ikaanza.

Asubuhi ya kwanza: tone. Nikasema ni bahati mbaya. Asubuhi ya pili ilikuwa kama nimesimama chini ya mwembe baada ya mvua. Plastiki nzima ilikuwa shanga. Nikampigia. "Ile ni umande, mama," akasema. "Mungu mwenyewe njo anaitumaka." Hapo nikakata simu, kwa sababu maneno yaliyonijia si ya mtu anayekaa kiti cha mbele kanisani.

Miche yangu ya kwanza iliondoka ndani ya wiki chache. Madoa ya kahawia, ukungu mweupe chini ya jani, shina jeusi. Mistari miwili mizima niling'oa kwa mikono yangu na kuichoma. Kila niliponyofoa mche nilimtajia fundi mgongo na tumbo. Wakati huo mtu angeniuliza, ningesema: msimwite, msimpe namba, msimpe hata maji ya kunywa. Nyota moja, na hiyo ni ya zile ndoo.

Kisha mtoto wa kaka yangu akaja mwenyewe kututembelea. Aliingia, akapitisha kidole kwenye plastiki, akakaa kimya kwa muda. "Shangazi," akasema, "hii mliiosha na nini?"

Nilikuwa natumaini hataniuliza.

Niliiosha na javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Mimi. Fundi alikuwa na ndoo ya sabuni na maji, akasema inatosha. Lakini mimi nilikuwa na ile hofu ya magonjwa ya mradi, nikaenda nikanunua javeli, nikaimwaga karibu yote bila kupima, na baada ya vijana kumaliza nikasugua mwenyewe upande mmoja kwa burashi ngumu ya kufulia mpaka mabega yakauma. Nilipenda jinsi ukijani ulivyokuwa unatoka. Na upande ule niliousugua sana, nikikumbuka vizuri, ndio ulioishia ndani.

Kijana wetu ana malezi, hakunilaumu. Alieleza tu. Ile dawa ya matone huchujika kidogo kidogo na maji, na plastiki iliyotumika misimu kadhaa inaweza kuwa imeimaliza yote kabla hata sijainunua. Burashi ngumu humalizia masalio. Tena klorini ya javeli inakula dawa nyingine, ile inayoilinda plastiki na jua, na salfa vilevile inaila. Akanyoosha kidole mlimani, moshi wa Nyiragongo umelala kama kawaida yake. Moshi unaotoboa mabati yetu hautaionea huruma plastiki. Plastiki, akasema, ni kitambaa laini, maji ya sabuni, kusuuza, basi. Javeli ni ya mabomba ya chuma, ya ndoo, ya mikasi: sehemu moja kwa tisa za maji, baada ya sabuni wala si kabla, kwa sababu uchafu unaimaliza nguvu. Kamba za zamani ni za kuchoma, haziokolewi.

(Mabomba madogo ya kumwagilia kwa matone yalikuja yameziba, weupe mgumu kila tundu. Maji ya ziwa Kivu yana chumvi zake, ndivyo yanavyofanya. Niliyaloweka kwenye siki usiku kucha, mengi yakafunguka. Lakini msije mkachanganya siki na javeli kwenye beseni moja, inatoka hewa ya sumu.)

Basi nikamwuliza waziwazi: ni upande, au ni mimi? Akasema hawezi kujua. Kujua ni kuigeuza. Kuigeuza ni kufungua vibanio vyote na kuivuta tena plastiki yenye viraka 23 juu ya vyuma, na huenda ikafika upande wa pili ikiwa vipande.

Kwa hiyo labda fundi hana kosa. Nimeliandika, mmeliona. Labda plastiki ile kweli haikuwa tena na mgongo wala tumbo siku ile, uzee umevifuta vyote viwili, na akasema kweli bila kujua. Lakini ndiyo hasa nisemayo, hakujua! Angesema, "Mama, hii imezeeka, pande zote sasa ni sawa," ningemwelewa, ningemletea chai. Yeye alimwita mume wangu.

Siku hizi naamka kabla ya jua. Nafungua milango ya pande zote mbili, nakunja plastiki za mbavuni, upepo wa asubuhi unapita na shanga zinakauka nyingi kabla hazijaanguka. Majani ya chini ya nyanya nimeyaondoa. Penye matone makali, mstari wa tatu, nimeacha nyanya nikapanda lengalenga, yaani mchicha, yenyewe inafurahia. Miche ya pili imekaa. Ilizaa wakati nyanya za nje mtaani kwetu zote zimelala kwa mvua, na wamama wa sokoni walikuja mpaka mlangoni na mabeseni, wakanunua bila kubishana bei. Siwezi kusema nyumba ni mbaya. Mabomba ni mazima. Ndoo ni akili tupu, na mafundi wawili wamekuja kuzitazama wakijifanya wananisalimia.

Nyota tatu, basi. Nilipokuwa naandika aya iliyopita nilikuwa kwenye nne. Nikikumbuka "Muzee iko wapi" ninashuka tena.

Zile dola 50 bado ziko nami, kwenye bahasha ndani ya kabati la vyombo. Niliapa sitazitoa. Wiki iliyopita nilimwona fundi mtaani Birere, amebeba bunda la mabomba begani, akanisalimia vizuri tu, akaulizia nyanya, akaulizia hata muzee, akaendelea na njia yake. Pesa hakuzitaja. Mpaka leo hajaja kuziomba, na hilo linaniudhi kuliko matone.